Viazi vya Siku ya Tatu

Kapari, vitumba vya maua vilivyohifadhiwa kwa chumvi, zilikuwa zimeloweshwa tangu alfajiri, maji yamebadilishwa mara nne, na bado chumvi ilimuuma Liboria ulimini alipoonja moja. Akazimimina hivyo hivyo juu ya viazi vilivyopoa, pamoja na nyanya, zeituni na kitunguu chekundu, akanyunyiza mafuta. Mikono ilijua kazi yake. Moyo ndio uliokataa kutulia.

Kisiwani Pantelleria, nyumba iliyofiwa haiwashi moto kwa siku tatu. Majirani huipikia kwa zamu, mlango kwa mlango. Leo zamu ilikuwa ya Liboria, na kuikwepa kungekuwa kukiri. Mwanawe Gaspare ndiye aliyekuwa akiendesha gari lililopinduka na kumuua Rino, mtoto wa pekee wa Ninfa. Kijiji kizima kiliambiwa Rino alikata roho papo hapo. Liboria peke yake aliambiwa mengine na Gaspare, na tangu hapo alimchukia mwanawe na kumpakulia chakula vilevile.

Ninfa alifungua mlango mwenyewe, macho makavu.

"Na wewe umekuja."

"Ni zamu yangu, dada."

"Wameniletea makaroni, wameniletea supu. Koo limekataa katakata."

Hata hivyo alipokea sahani, akaketi, akala kiazi kimoja, cha pili, cha tatu, kwa pupa ya mtu aliyeshinda njaa siku tatu. Liboria aliona haya kumtazama.

"Sasa niambie," Ninfa alisema. "Hakuteseka, sivyo? Niapie, nipate kulala."

Jibu lilikuwa tayari. Liboria alikuwa amelikariri njia nzima. Neno moja tu, na Gaspare angesalimika. Lakini mwanamke yule alikuwa na mafuta kidevuni kama mtoto mdogo, na Liboria akashindwa kumdanganya.

"Hakufa pale pale, dada. Gaspare alikuwa amelewa. Aliogopa, akakimbia. Alimwacha Rino anakuita."

Ninfa alitafuna kilichokuwa kinywani, akameza, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Aliniitaje?"

"Sijui. Sikumuuliza."

"Basi nenda kamuulize."

Liboria alirudi nyuma mpaka kizingitini.

"Au usihangaike," Ninfa alisema, akiivuta sahani karibu. "Mwambie aje mwenyewe. Mwambie mama yake Rino anakula, anamngoja."