Jiwe Mbele ya Mlafi

Beleshi hakupewa jina hilo bure. Miaka ishirini na mbili alipakia makaa ya mawe kwa beleshi huko chini ya ardhi, na toroli lenye alama yake halikuwahi kurudishwa kwa kukutwa na mawe. Jiwe hata liwe jeusi tititi, ataliona tu, ataliokota, atalitupa kando.

Kisha mgodi ukaleta mashine. Lo, dude hilo! Mikono miwili ya chuma inazoa makaa, mnyororo unayapandisha, toroli linajaa hujamaliza hata kupiga chafya. Wakaliita Mlafi. Msimamizi akawapa wiki moja: atakayeiweza mashine atabaki chini, atakayeshindwa apande juu akachambue mawe kwenye makaa, mezani na kina mama. Beleshi alitaka kubaki, tena mno. Huko mezani alikuwepo mkewe, na kuketi benchi moja naye akiambiwa "sogea" aliona aibu tupu.

Mwendesha mashine alikuwa kaka wa mkewe. "Shemeji," alimwambia, "wewe shika waya wa umeme usikanyagwe. Mbele ya mashine usiende, hata ianguke dhahabu."

"Mimi si mtoto, bwana."

Siku nne zilipita salama. Siku ya tano, taa ya kofia yake ilimulika jiwe katikati ya makaa, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Mwili ukaitangulia akili. Akaachia waya, akainama mbele ya Mlafi, akalikumbatia jiwe.

Shemeji aliwahi kuzima. Mkono wa chuma ulikomea kwenye shati.

"Wewe! Ningemwambia nini dada yangu?" alifoka.

Beleshi aliinuka, jiwe bado kifuani. Msimamizi alipopata habari hakuwa na mengi: "Kesho juu, mzee."

Kesho yake aliketi mezani kichwa chini, kaona haya kweli kweli. Makaa ya Mlafi yalimiminika, mawe tele. Mkewe aliyachambua kwa vidole vilivyofungwa vitambaa. Wiki nzima Beleshi alikuwa akiviona nyumbani, akadhani mkewe ameungua jikoni.

"Kumbe ni haya mawe?"

"Ni haya, baba. Toroli lako lilipokuwa likija, sisi tulikuwa tunapumzika."

"Sogea," Beleshi alimwambia mkewe, akayavutia mawe makubwa yote upande wake.