Soksi ya Mkono wa Kulia

Maabarani walimwita Mama Paka, na jina hilo halikumkera. Yeye ndiye aliyewalea watoto wa paka tangu hawajafumbua macho, na yeye ndiye aliyewafunga.

Kazi yenyewe haikuwa ya mwenye roho nyepesi. Mtoto wa paka alidungwa dawa ya kulaza upande mmoja wa ubongo, na mguu wa mbele wa upande wa pili ukadhoofika. Kisha ule mguu mwingine, usio na kasoro, ulifungwa kitambaa, ili ule mnyonge ulazimike kufanya kazi. Maana mnyama mchanga huzaliwa na nyuzi za neva zinazoshuka kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo zikiwa bado zinagombea nafasi: zinazotumika hushika mahali, zinazolala hunyang'anywa. Aliyefungwa mapema aliishia kunyakua nyama kwa mguu uleule mnyonge. Aliyecheleweshwa alilia bure, na mguu ukabaki wa kuburuzwa. Mwishowe wote waliuawa, uti wao ukakatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa darubini. Mama Paka alishajikaza kisabuni zamani. Vilio alivizima kwa redio.

Nyumbani alikuwa na mwanawe wa kiume, hajajua hata kutambaa vizuri, aliyenyakua kila kitu kwa mkono wa kulia. Mavyaa wake, waliyekaa naye nyumba moja, alivimba kichwa.

"Mume wangu huyu ana akili jamani! Keshaujua mkono wa kulia!" Majirani wakaitwa waje waone.

Mama Paka aliutazama mkono wa kushoto, ngumi imekunjwa kifuani. Mtoto wa umri ule hachagui mkono. Hiyo ngumi alikuwa akiiona kila siku vizimbani.

Daktari alimpima mtoto akakubaliana naye kwamba upande mmoja wa ubongo ulikuwa umedhurika: mkono wa kulia, usio na kasoro, ufungwe mchana, wa kushoto ufanyishwe kazi, tena haraka. Mama Paka akashona soksi nyeupe yenye kamba. Mtoto alipovalishwa alilia mpaka sauti ikakauka.

"Wewe una roho gani?" mavyaa alifoka. "Kutesa wanyama hakukutoshi, umeleta kazi nyumbani?"

"Mama, nakuomba, nikiwa kazini usimfungue. Akikosa sasa amekosa."

"Haya, nimesikia."

Kila jioni aliikuta soksi mahali pake, kamba imefungwa vizuri. Ngumi haikufunguka. Mtoto akatembea, akaanza kusema, ngumi ileile. Mama Paka akawa anakaa mbele ya vizimba akiwatazama paka wake kama watu waliomdanganya, na usiku anajilaumu kwamba pengine hakazi kamba vya kutosha.

Mchana mmoja umeme ulikatika maabarani, wakaruhusiwa kuondoka. Alipoingia nyumbani, soksi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa mlango, na mwanawe anakula biskuti kwa mkono wa kulia.

Mavyaa alishtuka, kisha akacheka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Alikuwa analia mno, mwanangu. Mimi sina moyo kama wako. Nikisikia geti tu, namvalisha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoileta."

Mama Paka alimchukia yule mama mpaka akatulia kabisa. Aliketi karibu naye, akamweleza yote polepole: paka, nyuzi, nafasi zinazonyang'anywa. Bibi akaushika ule mkono wa kushoto wa mjukuu wake.

"Kwa hiyo mkono wa mume wangu nimeuua mimi?"

"Bado tunaweza kuuokoa, mama." Ulikuwa uongo, na aliyejua hivyo ni yeye peke yake, maana paka wa namna hiyo alishawazika wengi. "Lakini umfunge wewe mwenyewe. Na akilia, usimfungue."

Tangu hapo ni bibi anayefunga. Kila asubuhi mtoto anapiga mateke, "Bibi, niache! Bibi, inauma!" na bibi, machozi yakimtiririka, anabandua vile vidole vya kushoto na kusukumiza biskuti ndani. Biskuti inaanguka. Anaiokota, anasukumiza tena.

Mama Paka husimama mlangoni, mkoba begani, akitazama mpaka aridhike.

"Kimefunguka kidole chochote?"

"Nadhani kidole kimetikisika, mwanangu. Kidogo."

Mtoto akamwita mama yake, akamnyooshea mkono uliovishwa ile soksi.

"Kaza kamba, mama," Mama Paka alisema, akaenda zake kazini.