Dirisha Linalotazama Kona

Mchora ramani za majengo yule watu walimwita Mawingu, na jina halikumwonea. Mtu gani unamsemesha anaitika "eeh," kumbe yumo ndani ya jengo ambalo halijajengwa bado, anapanda ngazi zake na kupapasa kuta zake? Chai ilimpoa mkononi kila siku. Dada yake, aliyehamia kwake kumsaidia kulea, alishachoka kusema.

"Shuka, kaka," humwambia. "Chai iko huku duniani."

Safari hii alikuwa anachora shule ya msingi, tena nzuri jamani! Madarasa yalipinda kuzunguka ua wenye majani, na paa liliinuliwa pembeni ili mwanga upate njia. Aliuona mwanga huo mchana kweupe, macho wazi: unatambaa sakafuni, unapanda madawati, unatua juu ya vidole vya watoto wanaojifunza kushika penseli. Madirisha aliyaweka juu, kama kamati ya shule ilivyotaka, ili macho ya watoto yabaki ubaoni.

Lakini tuseme ukweli, shule ile aliichorea mtu mmoja. Binti yake, aliyemwita "mama" kwa kuwa alibeba jina la bibi yake, alikuwa aanze darasa la kwanza siku shule ikifunguliwa. Na binti huyo haachi mtu aondoke, ng'o! Mwaka uliopita mama yake mzazi alitoka asubuhi kwenda hospitali, akapinda kona ya barabara, asirudi tena. Tangu hapo, yeyote akishika kitasa cha mlango, mtoto humng'ang'ania miguu akilia mpaka sauti inamkauka. Chekechea walimjaribu, ikashindikana, wakamrudisha nyumbani kwa upole. Baba mtu akajiapiza: nitamjengea shule nzuri hata asahau kulia.

Akaunda mfano wa shule kwa kadibodi, ukaenea meza nzima ya kulia. Binti akapanda kitini na vifungo viwili alivyochomoa kwenye kikopo cha shangazi yake. Chekundu akakiweka ndani ya darasa la kwanza.

"Huyu mimi." Kile kikubwa cheusi akakiweka barabarani. "Huyu wewe."

Kisha akaingiza kichwa pale ambapo paa lilikuwa bado halijafunikwa, akatazama huku na huku kwa muda mrefu.

"Baba, nikiwa humu ndani, wewe nakuona wapi?"

"Utaniona nikija kukuchukua, mama."

"Hapana. Ukiwa unaondoka."

Baba akainama, akaweka jicho lake palepale. Ukuta. Juu ya ukuta, madirisha, na ndani ya madirisha hakuna kitu ila anga. Loo! Miezi yote ile alikuwa amechora shule ya mtu wa kutazama mawingu. Alikuwa amejichorea mwenyewe.

Akachukua wembe, akatoboa dirisha karibu na mlango wa darasa la kwanza, chini kabisa, usawa wa kifua cha mtoto, likitazama barabara moja kwa moja hadi inapopinda. Binti akachungulia. Akasogeza kifungo cheusi polepole hadi kwenye kona.

"Hapa unageuka," akaamuru. "Unapunga mkono. Halafu ndiyo unakwenda."

"Sawa, mama."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Basi ahadi ni deni. Mfano ukapelekwa mbele ya kamati, na mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hukohoa kila anapotaka kukataa jambo, akaliona lile dirisha. Akakohoa.

"La barabarani hili? Watoto watahesabu mbuzi kutwa!"

"Si hesabu hiyo, mzee?" Mawingu akatania.

Wajumbe wakaangua kicheko. Mwenyekiti hata meno hakuonyesha. "Nimefundisha mpaka nimeota mvi, kijana. Mtoto akiona nje, ujue darasani hayupo. Ziba."

Mawingu alikuja na maneno mengi ya kitaalamu kuhusu hewa na mwanga. Yote akayaweka kando. Akasema lile lililokuwa linamuuma.

"Mzee, binti yangu alimsindikiza mama yake kwa macho mpaka kwenye kona, kona ikammeza. Sasa hamwamini mtu anayeondoka. Bila dirisha hili haingii darasani, nami sina shule nyingine ya kumpa." Machozi yakamtiririka mbele za watu, na wala hakuyafuta.

Mwenyekiti akakohoa. Kila mtu akajua limekwisha.

"Moja," akasema. "Moja tu! Usiniletee la pili."

Siku ya kufungua shule, mwanga ulifanya vilevile alivyouona: ukatambaa sakafuni, ukapanda madawati. Mawingu alikuwa anatembea ndani ya ndoto yake, safari hii akiwa ameshikwa mkono. Binti akasimama dirishani, akaweka viganja juu ya kizingiti.

"Nenda," akasema kwa sauti ndogo. "Usisahau."

Akaenda, miguu mizito, masikio yote nyuma yakisubiri kilio. Alipofika kwenye kona akageuka, akainua mkono.

Dirishani hapakuwa na mtu.

Akarudi mbio, koti likipepea, akapiga magoti vumbini, maana dirisha lile mtu mzima halimkubali mpaka ainame. Akachungulia. Binti alikuwa ameketi sakafuni katikati ya wenzake, amempa mgongo, anamwonyesha mtoto mwingine kifungo chekundu. Wanacheka wote wawili. Mawingu akabaki palepale, furaha na upweke vikimsonga pamoja, hata magoti yakafa ganzi.

Nyuma yake mtu akakohoa.

"Na wewe," akauliza mwenyekiti, "unahesabu mbuzi?"

Jioni baba na binti walirudi nyumbani mkono kwa mkono. Walipofika kwenye kona mtoto akasimama.

"Ulipunga?"

"Nilipunga, mama. Mbona hukuwepo dirishani?"

Binti akamtazama kwa mshangao, kana kwamba baba ameuliza jambo la kitoto.

"Si nilijua utapunga."