Wauguzi Wasio na Nyuso

Wauguzi thelathini na mmoja walisimama kwenye ngazi za chuo chao siku ya kuhitimu, na picha ilipotoka hapakuwa na uso hata mmoja. Viatu vilikuwepo, mikanda ilikuwepo. Kuanzia shingoni kwenda juu, weupe mtupu kama unga uliomwagika.

Mkuu wa chuo aliileta picha studio mwenyewe. Mwenye studio hakuuliza swali. Alimnyooshea kidole mpiga picha wake, mjane wa marehemu kaka yake, mwanamke aliyeshika kamera miaka kumi na tisa, akasema mbele ya wateja waliojaa kwenye benchi, "Mtuwie radhi. Umri huo. Macho yamechoka."

Damu ilimpanda mama wa watu. Alijua akifungua mdomo yatatoka ya kutoka, basi akachukua kamera akaenda uani.

Kosa lake alilijua: siku ile jua lilikuwa kali, likiwapiga usoni huku miguu ikiwa kivulini, skrini haikusomeka, naye akaiamini kamera. Lakini macho? Macho gani! Alikagua kimoja kimoja. Kipimo cha kuongeza mwanga kilikuwa sifuri. Hakuna alichokuta kimeguswa. Akapiga picha ukuta, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa: safi, kila tofali linahesabika. Akalipunguza tundu: ukuta ukapauka. Akalipunguza zaidi: mweupe pe! Akaifungia kamera lenzi nyingine, picha zote zikatoka safi. Akairudisha ile ya kwanza, akabonyeza kitufe cha kupunguza tundu huku akichungulia ndani. Vile vibati vyembamba vinavyopaswa kujibana havikutikisika. Kamera ilikuwa ikidhani tundu ni dogo, ikaruhusu mwanga uingie kwa muda mrefu, kumbe mlango u wazi! Na ukingoni mwa lenzi palikuwa na mbonyeo mpya, unang'aa.

Alirudi ndani kwa hatua nzito.

"Shemeji, nani aliitumia lenzi hii Jumapili, kabla ya picha ya wauguzi?"

Shemeji akatazama dari. Mkewe, aliyekuwa mezani akikata picha ndogo za vitambulisho, akajibu bila kuinua kichwa, "Si ndiyo ile iliyokuponyoka kwenye harusi ya rafiki yako, baba watoto? Ukasema haina neno."

Benchi zima likaguna.

"Shemeji yangu," mwanamume akanong'ona, "mambo ya nyumbani tuyamalizie nyumbani."

"Kwani ulinitukania nyumbani? Mpigie mkuu wa chuo. Sasa hivi, na hawa wote wasikie."

Akapiga. Akazungukazunguka maneno, mara hitilafu ya mitambo, mara bahati mbaya, mpaka mama akanyoosha mkono akaweka simu kwenye spika.

"Sema nani aliiangusha."

"Mimi," akasema shemeji. "Niliiangusha mimi, nikanyamaza."

Jumamosi wauguzi walirudi kwenye ngazi zilezile. Walikuwa ishirini na sita. Watano walikwisha kusafiri kwenda kwenye vituo vyao vya kazi, mbali. Picha ilitoka vizuri, meno yote yanaonekana. Shemeji akaishika, akachekelea, akaanza kumsifia mpiga picha wake kwa wateja.

"Acha," mama akamkata. "Wale watano utawarudisha wewe?"

Shemeji akaiweka picha mezani, taratibu.