Kigae Kutoka Abuku

Hodi haikupigwa. Akram aligeuka tu, akamkuta mwanamke mtu mzima amesimama katikati ya chumba chake mtaani Mvara, viatu mkononi, kitenge kimefungwa fundo kifuani.

"Wewe iko yule fundi ya kompyuta?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

Alikuwa Mariam Poni, mjane kutoka Abuku, upande wa Koboko. Marehemu mumewe alikuwa na studio ya picha mjini Koboko. Shemeji yake, kwa tamaa ya shamba, alifuta diski yote ya studio, akavunja kaburi la mtoto wa kwanza wa Mariam, akapanda mihogo juu. Ijumaa baraza lingesikiliza kesi. Bila kaburi, nani angeamini kwamba shamba lilikuwa la Mariam? Picha ya kaburi hilo ilikuwamo diskini kabla ya kufutwa. Akafungua kitenge: diski, na kipande cha kigae cha kijani cha kaburi, alichokiokota penye mihogo.

"Tafuta kaburi tu. Ile ingine ni watu ya Koboko, waliamini mzee yangu. Usiangalie. Ukimaliza, futa."

"Nakuahidi, mama."

Akainakili diski, akapiga picha kigae, akaipa mashine itafute. Prosesa ya kawaida ni mlimaji mmoja hodari. Ingechukua siku tisa. Kadi ya michoro ni maelfu ya vibarua wanaoingia shambani pamoja, kila mmoja na tuta lake. Mabaki ya picha zilizofutwa yakalinganishwa na kigae, bila jicho la mtu kuona hata moja. Feni ya mashine ikavuma.

"Iko na bibi?"

"Bado sijaoa, mama."

"Sasa huyu anakoroma ni nani?"

Akram akacheka, akashangaa kukisikia kicheko chake chumbani mle. Miezi minne hakuna aliyekikalia kiti cha pili.

Saa tisa alasiri kaburi likatokea, vigae vizima, jina linasomeka. Mariam aligusa kioo kwa kidole. Akachukua picha iliyochapishwa na diski yake, akaondoka kuwahi gari la Koboko.

Kimya kikarudi. Kisha simu ikalia: maabara ya Kampala, aliyoiomba kazi mara tano.

"Jumatatu tuonyeshe utafutaji wako kwenye diski halisi, si ya majaribio. Unayo?"

Nakala ilikuwa bado ndani ya mashine. Hakuwa na diski nyingine halisi.

"Sina."

"Basi, tutamwita mwingine."

Akabofya kufuta, akakaa kando ya mashine mpaka nakala ilipokwisha yote.