Mti Ulioitwa Tasa

Mshonaji alipanda lilaki, kichaka cha maua ya zambarau, chini ya dirisha la chumba cha cherehani mwaka aliofiwa na mumewe. Miaka minne kichaka kilinawiri majani tu. Ua hata la kusingizia hakikutoa.

Kila baridi ilipokaribia kwisha, wifi yake, dada wa marehemu, alikuja na mkasi wa bustani akakipunguza. "Kinakuzibia mwanga," alisema. Mshonaji aliendelea kushona. Alikaa kwenye ndoa miaka ishirini bila mtoto, na kwa watu wa ukoo ule alishazoea kunyamaza.

Mwaka wa nne, wifi alikata huku akipiga soga na jirani. "Mti tasa, kama mwenyewe!" Wakaangua kicheko.

Mshonaji alikuwa anapinda suruali. Akasimamisha gurudumu la cherehani, akajitanda, akaenda moja kwa moja kwa muuza miche, akamweleza kuwa lilaki yake haijatoa ua miaka minne.

"Unakatwa lini?" muuza miche akauliza.

"Baridi ikiisha. Anaukata wifi yangu."

Muuza miche akajipiga paja. "Basi anayaua maua tumboni! Lilaki hubeba matumba yake tangu mwaka uliotangulia. Hukatwa maua yakishanyauka, si kabla."

Mwaka uliofuata, wifi alikuta geti lina komeo.

"Fungua nikupunguzie kichaka."

"Sifungui."

"Unanifungia bustani ya kaka yangu?"

"Kaka yako tulimzika, wifi. Bustani nalima mimi. Na mti ule haukuwa tasa. Wewe ndiye uliyekuwa unauhasi!"

Majirani walitoka kutazama. Mshonaji hakubanduka getini.

Wiki sita baadaye mashada ya zambarau yalijaa dirishani. Wateja waliokuja kupimwa nguo walikawia bila sababu. Wifi naye akaja, akaomba shada moja apeleke kaburini kwa kaka yake.

"Nitakupa," mshonaji akasema. "Ila lile neno ulilisema kwa sauti. Lirudishe kwa sauti."

Wifi akabetua midomo, akaenda zake.

Siku ya tatu alirudi. Jirani yuleyule alikuwa anaanika nguo.

"Nilikosa," wifi akanong'ona.

"Sijasikia."

"Nilikosa, wifi! Kwa mti, na kwako!"

Jirani akajificha nyuma ya shuka. Mshonaji akafungua komeo, akakata mashada mawili, akavaa viatu. Wakaenda makaburini pamoja, kila mmoja na lake mkononi.