Homa ya Mzee Kahiga

Jumapili ya kwanza baada ya makanisa kufunguliwa tena, Agneta Naswa alisimama mlangoni mwa kanisa lao la mabati kule Manyatta, kipimajoto mkononi, barakoa ikimbana masikio. Yeye alikuwa mweka hazina, lakini wahudumu wa mlangoni walikuwa wakongwe, na wakongwe waliambiwa wasali nyumbani.

Kilichomlemea hakikuwa mlango. Kanisa lilidaiwa kodi ya miezi minne, elfu themanini, na mwenye ploti alikuwa ameapa kutia kufuli Jumanne. Waliojua ni yeye na Pasta Walubengo, pamoja na mtu mmoja aliyeahidi kuilipa yote: Hiram Kahiga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini.

Kahiga alifika na mkewe Wanjiru, bahasha nene ikichungulia kutoka mfukoni mwa koti. Agneta akampima kwenye paji la uso. Thelathini na nane nukta sita.

"Ni jua tu," Kahiga akacheka. "Nimetembea kutoka barabarani."

"Pumzika kivulini kidogo, Mzee. Nitapima tena."

Nyimbo zikaanza ndani. Baada ya dakika kumi akapima tena. Nukta saba. Kahiga akageuka pembeni, akakohoa kikohozi kikavu alichojaribu kukimeza.

"Samahani, Mzee. Leo huwezi kuingia."

"Mimi ndiye niliyenunua hicho kidude ulichoshika!"

Watu wakageuza shingo. Pasta akatoka haraka, akamvuta Agneta kando. "Mwache apite, dada. Bahasha ile unaijua. Tutamkalisha peke yake nyuma."

"Nyuma hakuna hata dirisha, Pasta. Na ndani yuko Mama Aoko na sukari yake. Yuko Debra, mimba ya miezi minane. Mmoja akilazwa, nitamwambia nini?"

"Na Jumanne utawaambia nini wote?"

Agneta akarudi kusimama katikati ya mlango. Kahiga alimtazama, kisha akamtazama Pasta, ambaye alikuwa ameinamisha macho.

"Basi kodi mtalipiwa na huyu," akasema, akaondoka na mkewe na bahasha yake.

Pasta alihubiri bila kumwangalia Agneta hata mara moja. Kabla ya baraka za mwisho, Agneta akasimama bila kuombwa, akawaeleza waumini deni lote, mwezi kwa mwezi.

"Miezi minne!" Shitanda, fundi wa pikipiki, akafoka. "Mlitufanya watoto?"

Hakuna aliyemtetea Agneta. Hata hivyo watu wakatoa, wengine kwa simu, wengine kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni ili sadaka isipite mikono mingi. Wengi hawakuwa na kibarua tangu Machi. Zilipatikana elfu kumi na tisa. Jumatatu Pasta akabeba spika za kanisa mwenyewe, akaziuza elfu thelathini na tano. Mwenye ploti alizipokea fedha zote akinung'unika, akawapa hadi Desemba kumaliza.

Jumatano Wanjiru alipiga simu. Kahiga alikuwa wodini, amewekewa oksijeni. Ilikuwa Korona.

"Nilikulaani, Agneta," akasema akilia. "Nilikulaani njia nzima mpaka nyumbani Migosi."

"Wewe mwenyewe unaendeleaje? Umekula?"

Hakuwa amekula, kwani majirani walimwogopa. Kwa wiki mbili Agneta alimpelekea uji na samaki, akaviacha langoni, akarudi nyuma hatua kadhaa hadi Wanjiru avichukue.

Kati ya waliohudhuria ibada ile hakuna aliyeugua. Debra alijifungua salama. Kahiga alitoka hospitali siku ya kumi na tisa, amekonda, lakini hakurudi kanisani kwao. Bahasha ile hawakuiona tena. Wanjiru ndiye aliyerudi, akakaa safu ya tatu.

Siku moja wakipanga viti, Pasta alimwambia Agneta, "Nilikuwa tayari kuwaweka waumini hatarini kwa ajili ya kodi. Nisamehe." Agneta aliitikia kwa kichwa tu, alikuwa bado na uchungu. Kisha akampa karatasi ya hesabu ya mwezi, naye Pasta akaibandika mlangoni kwa mkono wake, mahali ambapo kila mtu angeisoma.